Mwaga Kwanza, Ndipo Uguse Mtoto

Wiki yangu ya mwisho kazini, mmoja wenu, ninyi wauguzi vijana, alinikasirikia. Sitamtaja, anajijua. Alikuwa ameshika pamba, anaelekea kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, na mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi pembeni ya kitanda akamzuia mkono, akamwambia, "Mwaga kwanza." Chupa ilikuwa imejaa, dawa yake ilitengenezwa jana tu. Mwenzenu akaniangalia, akingoja nimtoe yule mzee nje. Mimi nikaichukua chupa, nikamwaga dawa yote kwenye beseni mbele ya macho yake, nikaenda kuichemsha. Mwenzenu alinuna mpaka saa sita ya mchana.

Na jina munaloniita nyuma ya mgongo nalijua pia, Mama Mwaga. Si baya, nimewahi kustahili baya zaidi. Miaka yote mumeniona namwaga dawa nzuri kila asubuhi, tena katikati ya chumba, si jikoni wala nyuma ya nyumba, mukasema kimoyomoyo kwamba huyu mzee anaharibu mali. Bon, sasa nimepumzika, nina muda, na magoti yananiuma hata nikikaa. Nitawaeleza. Mambo ya vyeo tuyaache, na mshahara wa Serikali munaujua wenyewe.

Nilianza kazi hapa Butembo miezi michache kabla ya uhuru, katika maternité, nyumba ya kuzalia, ya vitanda kumi na viwili. Iliongozwa na mtawa mzungu ambaye sote tulimwita Masoeur. Siku ya kwanza hakunionyesha mtoto hata mmoja, alinionyesha sabuni. Nikanawa mikono, akasema rudia. Nikarudia, akasema rudia. Nikaona huyu mwanamke hanipendi. Mikasi tuliichemsha kwa muda wa rozari nzima, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa imekufa zamani. Papa Idi, muuguzi Mwislamu wa kutoka Beni, mkubwa wetu wa sindano, alikuwa na saa mkononi, na mara kwa mara alimwambia Masoeur kwa heshima zote kwamba leo rozari imekimbia dakika nne. Masoeur alicheka, akaanza tena fungu moja.

Masoeur alinifundisha usafi, lakini watoto wachanga nilifundishwa na Papa Idi. Alisema mtu mzima akiugua analalamika, mtoto mchanga akiugua anakuwa mpole. "Mama akikuambia mutoto yake iko mupole, hasumbue, analala tu, wewe kimbia." Alisema tusianze kuuliza homa, tuanze kuuliza titi, kama mtoto ananyonya, kwa maana kuna watoto ambao mikrobe imekwisha kuingia kwenye damu na mwili wao ni wa baridi, si wa moto. Weka mgongo wa mkono tumboni, kisha kwenye unyayo. Hesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili kama wavivu. Tazama ngozi inayozunguka kitovu kama imefanya pete nyekundu, kisha inama unuse. Ukishuku, choma penicillin sasa, usingoje jioni. Ukingoja uhakika, alisema, utaupata makaburini.

Uhuru ulikuja. Mwezi ule wasichana wawili walipewa jina la Dipanda, ndio uhuru kwa Lingala, na mmoja wao sasa ana wajukuu na hapendi kukumbushwa. Papa Idi alisema nchi nayo imezaliwa, tuangalie kama itanyonya. Tulicheka. Halafu ukaja uasi, hatukucheka tena.

Asubuhi moja gari lilikuja kumchukua Masoeur, na hata chai yake aliiacha mezani. Alinipa funguo, akanibusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda. Papa Idi alikuwa amekwenda kuona familia yake, njia ikafungwa, akakwama Beni. Nikabaki mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, na blouse yangu nyeupe ya kazi na bunda la funguo kiunoni. Nilijiona mkubwa.

Sasa sikilizeni habari ya chupa. Ilikuwa ya kioo, ya mdomo mpana, na ndani yake pamba zilielea katika dawa ya kuua mikrobe, dawa nzito iliyochanganywa na maji. Tulichukua pamba humo kwa koleo, tukasafisha vitovu. Kila Jumatatu Masoeur alikuwa akiimwaga yote, anatupa pamba, anachemsha chupa, anatengeneza upya, hata kama imebaki nusu. Nilimwona akifanya hivyo wiki baada ya wiki na sikuuliza sababu. Nilifikiri ni utajiri. Wazungu wana dawa nyingi, nikasema moyoni, wanaweza kumwaga.

Mimi sikuwa nayo nyingi. Njia zilifungwa, na kabatini ilibaki chupa moja tu ya dawa nzito. Donc nikafanya kama mama yeyote mwenye akili anavyofanya na mboga wageni wakizidi, nikaongeza maji. Maji yaliyochemka, ndiyo, na matone machache ya dawa juu yake. Pamba za chini sikuzitoa, nani angetupa pamba wakati ule? Miezi ikapita na chupa yangu haikukauka hata siku moja. Niliwasimulia watu, nikajisifu mpaka kanisani.

Katika siku za risasi watu walikimbilia mashambani na wanawake walizalia huko, kwenye migomba. Ikitulia walirudi kuzalia kwetu. Ndipo watoto wetu wakaanza kuugua, siku ya tatu, siku ya nne. Mmoja, halafu mwingine. Niliwaza sana, nikapata jibu lililonifaa. Mabibi wa watoto. Walikuwa wakija na majivu na majani, wanataka kuyapaka kwenye kitovu.

Masika alikuja kuzaa mtoto wake wa kwanza. Mume wake aliuza vitambaa na chumvi sokoni, na aliyemsindikiza ni mama ya mume, mwanamke mfupi, mkimya, wa mikono mikubwa. Wote tulimwita Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande. Mtoto alikuwa mvulana, mzuri, mwenye nywele mpaka shingoni. Wageni kati yenu wajue kwamba kwetu jina linafuata hesabu. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Na hata Paluku akifa angali mchanga, anayemfuata ataitwa Kambale tu. Nafasi ya aliyekufa haipewi mtu.

Nilipekua kitenge cha Mukaka, nikakuta kifurushi cha majivu ya maganda ya ndizi. Nikayatupa nje mbele ya wanawake wote, nikamwambia asikanyage tena ndani. Alikusanya kitenge chake, akaketi nje ukutani, kwenye baridi ya Butembo munayoijua, siku zote nne. Mimi nilimsafisha Paluku asubuhi na jioni kwa pamba zangu, taratibu kabisa, kwa upendo. Nataka mulijue hilo. Nilikuwa nikimwimbia.

Siku ya nne Masika alisema mtoto amekuwa mpole. Nilimfunua, nikaona ile pete nyekundu. Penicillin ilikuwa imebaki kidogo sana, nilimpa yote. Tulimkamulia maziwa, nikamdondoshea kwa kijiko, yakatoka pembeni ya mdomo. Alikufa kabla ya saa tano, kifuani kwa mama yake, mimi bado nimeshika kijiko.

Mume alikuwa amefika. Masika akaniuliza, "Ni nini imemuua?" Wanawake wote walikuwa wakisikiliza. Nikajibu, "Ni majivu ya Mukaka." Majivu yale niliyatupa kwa mkono wangu mwenyewe, mais nilisema hakika alirudi akapaka kwa siri. Ukivaa blouse nyeupe, uongo wako hauhitaji akili nyingi. Wiki haikwisha, mume akampandisha mama yake kwenye camion la askari, lori pekee lililopita njia ya Beni siku zile, akampeleka Mbau kwa dada ya mama huyo, akamwambia asirudi.

Baada ya hapo niliwafukuza mabibi wote. Nilipekua vitenge mlangoni kama askari wa barrière ya barabarani. Na watoto waliendelea kuugua. Hapo ningepaswa kujiuliza, lakini nilizidisha tu kupekua.

Aliyenifungua macho ni mke wa askari, mgeni wa jimbo la mbali, msemaji wa Lingala. Alizalia juu ya camion lililotoka Kanyabayonga. Abiria wanawake walimkatia mtoto kitovu kwa wembe mpya kutoka kwenye bidhaa za mfanyabiashara mmoja, wakafunga kwa uzi waliouchomoa kwenye kilemba. Walifika kwetu siku ya pili, msichana wake mzima, ananyonya kama ndama. Mimi nikashtuka kwa lile vumbi. Nikasema huyu nitamsafisha vizuri, na nilimsafisha, mara mbili kwa siku.

Siku ya tano mama yake aliniita. "Mama, mwana azali malili." Mtoto ni baridi.

Niliketi kwenye kitanda chake. Mwanamke yule hakuwa na mukaka. Hakuwa na mama-mkwe wala shangazi, hakuwa na mtu yeyote Butembo, hata chakula nilikuwa nikimletea mimi kutoka nyumbani kwangu. Majivu hayakuwapo. Toka mtoto yule ateremke kwenye camion, mkono uliogusa kitovu chake ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wangu.

Njia ilikuwa imefunguka, na Papa Idi alikuwa amerudi juzi yake. Nilimwambia yote, maneno yakigongana. Hakubishana. Alikwenda kwenye chupa, akaifungua, akanusa, akaingiza koleo mpaka chini kabisa, akatoa pamba. Ilikuwa inateleza na kuvuta ute kama bamia.

"Ulimwaga lini?"

"Sijamwaga, Papa. Dawa ilikuwa kidogo."

"Dawa ikizidiwa na maji, mikrobe hazifi ndani yake," alisema. "Zinaishi humo. Zinazaa."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alimwaga chupa, akanifunika koti lake mabegani, akasema sasa tufanye kazi, huyu bado yuko hai. Alikuwa amekuja na penicillin na streptomycin kutoka Beni. Tulichoma kwa saa yake, si kwa rozari. Tulimweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, tukawafunga pamoja kwa vitenge viwili, tukazungushia chupa za bia zilizojaa maji ya moto na kuvikwa soksi. Maziwa kwa kijiko, matone, kila saa. Siku ya tatu nilipomchoma alilia kwa hasira, nami nikalia naye. Mama yake akafikiri nimesikia habari mbaya.

Yule msichana alipona. Na toka siku ile chupa ilipochemshwa, wodi ilibadilika. Watoto wa siku ya nne walilia, walipiga teke, walidai titi kwa fujo, na mimi sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Papa Idi aliniacha nifurahi kama wiki mbili. Halafu tukiwa tunakunja vitambaa, akauliza bila kuniangalia, "Na yule mama wa Mbau?" Nikasema nitakwenda njia ikiwa nzuri. Akasema njia ni nzuri, kaka yake anapita na camion kila Alhamisi. Nilimaliza Alhamisi nyingi nikitafuta sababu. Niliogopa, basi. Waasi waliwahi kuniwekea bunduki mlangoni nikawajibu vizuri tu, lakini mwanamke huyu mmoja aliniogopesha.

Alhamisi moja nilipanda, nikamkuta Mukaka akigeuza kahawa juani kwenye mkeka. Nilipiga magoti, nikasema yote, tangu Jumatatu za Masoeur mpaka bamia ya chini ya chupa. Aliendelea kugeuza kahawa. Nilipomaliza aliacha kugeuza.

"Unaniambia mimi," alisema. "Mutoto yangu, umemwambia?"

"Bado, Mukaka."

"Mimi nilijua toka siku ya kwanza. Sikumugusa ule mutoto, ulinikataza, nikatii. Asiyejua ni yeye. Umepotea njia, mama. Rudia kwa bale batu ulidanganya."

Halafu akanipa mkungu mdogo wa ndizi, maana mgeni harudishwi mikono mitupu, hata mgeni wa namna yangu. Niliupakata mkungu ule na kulia mpaka Beni. Kaka ya Papa Idi aliendesha bila kuniuliza neno, Mungu amrehemu.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Nilimwomba yule mume amwite Masika, nikasema yangu nimesimama mbele ya wateja, kwa sababu nilimshtaki mama yake mbele ya watu. Nilisema mtoto wenu aliuawa na chupa yangu, Mukaka hakumgusa, nami nilidanganya. Masika alinipiga kofi. Lilikuwa kofi la haki, sikio lililia mpaka jioni. Mume alikuwa akipima kitambaa. Alikikunja polepole, pembe kwa pembe, akamwachia jirani duka, akaenda kusimama barabarani kungoja camion la Beni. Siku ya tatu alirudi, na mama yake ameketi mbele, pembeni ya dereva.

Kwa daktari mkubwa nilipeleka barua, nikaeleza watoto wote. Alinionya kwa maandishi, na barua yake ninayo hadi leo. Kwa wazazi wengine niliowapata nilikwenda mmoja mmoja. Wengine walinifukuza. Wengine sikuwapata, vita vilikuwa vimewatawanya, na hao ninao moyoni mpaka sasa, siwezi kuwadanganya ninyi kwamba umri umewatoa.

Mwaka uliofuata Masika alikuja kuzaa. Kwetu, tena! Kila mtu alishangaa, mimi zaidi. Pembeni yake alikuja Mukaka, na safari hii nilimpa kiti ndani, karibu na kitanda. Alizaliwa mvulana, Kambale. Nilikuja na pamba yangu. Mukaka akanyoosha mkono wake mkubwa, akanizuia.

"Mwaga kwanza."

Nilikuwa nimeitengeneza asubuhi ile ile. Nikaimwaga. Alinifuata jikoni, akasimama mpaka chupa ikachemka, akatazama kila tone la dawa, akanusa. Tuliporudi kitandani, nikanyoosha mkono wangu mimi pia.

"Na wewe, Mukaka. Majivu."

Alinitazama, kisha akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akafungua ncha ya kitenge, akatoa kifurushi, akakiweka kiganjani mwangu. Musinielewe vibaya, majivu nayo yanaua. Nimeona pepopunda, nimeona mtoto amepindika kama upinde. Lakini hakuna bibi aliyewahi kunipa majivu yake nilipompekua, na siku ile nilipewa bila kupekua. "Sasa gusa," alisema.

Alinimwagisha siku zote tano. Mabibi wengine waliona, nao wakataka. Toka hapo namwaga katikati ya chumba, kila asubuhi, mbele ya aliye na mtoto. Uasi umekuja na kwenda, na huu wa sasa nao upo barabarani. Dawa imekosekana mara nyingi. Ikikosekana, tunaosha kitovu kwa maji yaliyochemka na tunakiacha kikauke, basi. Dawa kidogo si sababu ya kuongeza maji. Na sheria inayofanana na utajiri, iulizeni sababu yake kabla hamjaiacha. Mimi sikumuuliza Masoeur, na hakurudi tena nimuulize.

Mzee aliyemzuia mwenzenu mkono wiki ile ni Masika. Mukaka alifariki zamani, akiwa ameona wajukuu tisa. Yule mama kijana kitandani ni mke wa Kambale, na mtoto ni mvulana wao wa kwanza. Mwenzenu alifungua daftari akauliza jina, Masika akalitaja, likaandikwa, daftari likafungwa. Ni jina la kawaida, nusu ya Butembo wanalo. Hakuona kwamba wazee wawili, Masika na mimi, wameshikana mikono juu ya shuka.

Siku ya tano, saa ya kuwaruhusu, nilikwenda kuaga. Nilimuuliza yule mama swali la Papa Idi, la titi. Alifunua tu kitenge chake, nikainama nikaona mwenyewe. Paluku alikuwa ananyonya.